Neno la Ukurasa wa Arobaini na Moja

Wiki ya kwanza ya muhula, duka la fotokopi lililo chini ya ngazi za maktaba halina tofauti na soko. Wanafunzi wanabanana, mashine tatu zinanguruma, karatasi zinatoka zikiwa za moto, na fundi anaita kazi badala ya kuita watu: "Ya sheria, kurasa ishirini! Ya uuguzi! Nani mwenye ya methali?" Siku hiyo fundi alichanganya bahasha mbili. Kosa dogo tu, la kumpa mtu mwenye haraka kisicho chake.

Mwenye haraka alikuwa mhadhiri wa idara ya lugha, mwanamke wa miaka thelathini na minne ambaye chuo kizima kilimwita Bi Nukta, kwa kuwa hakuna sentensi iliyowahi kupita mbele yake ikasalimika. Alikuwa amevaa gauni la kijani kibichi lenye mikono mipana, kilemba cha rangi hiyohiyo, na miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi. Alikwenda ofisini, akafungua bahasha, akatoa kalamu yake ya kijani, maana nyekundu alisema inatoa karatasi damu, akaanza kusahihisha. Insha ya kwanza ilikuwa na kurasa nane na haikuwa na jina. Mwandishi wake alikuwa mwoga kupindukia. Kila alipotaka kusema jambo aliweka "huenda". Huenda joto likaongezeka. Huenda mvua za vuli zikachelewa. Bi Nukta aliandika pembeni, "Unaogopa nini? Sema!" Akampa nne juu ya kumi.

Hajaweka kalamu chini, akasikia hodi.

"Karibu. Lakini kama ni mambo ya maksi, rudi Ijumaa."

Aliyeingia alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi mbele tu, mgongoni limekunjamana kama halihusiki. Kwapani alikuwa na bahasha.

"Sikujia maksi, mwalimu. Nimekuja kuchukua ripoti yangu. Fundi wa fotokopi amenipa insha thelathini za methali. Nimesoma tano. Mmoja anasema haraka haraka haina baraka, lakini yeye kaenda polepole na bado hajaiona."

Bi Nukta alitazama zile kurasa nane zilizojaa wino wa kijani, akahisi masikio yanapata moto.

"Hii ni ripoti?"

"Muhtasari wa jopo la tathmini ya tabianchi. Kesho unakwenda kwa profesa."

"Basi profesa atafurahi. Nimekupa nne."

Yule bwana alisoma maandishi ya pembeni ukurasa baada ya ukurasa. Alikuwa mtaalamu wa hali ya hewa, na wanafunzi walimwita Daktari Mawingu, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya kutazama juu anapotembea. Alipofika mwisho hakukasirika.

"Siogopi," alisema. "Hii 'huenda' ina kipimo. Maana yake uwezekano umepita theluthi mbili. Iko kwenye jedwali, ukurasa wa pili."

"Daktari, mtu akiniambia 'huenda nikaja', mimi sipiki."

"Akisema nini ndiyo unapika?"

"Akisema 'yamkini', nabandika maji. Akisema 'nakuja', nasubiri nimwone mlangoni."

Daktari Mawingu alicheka mpaka akashika kiti. Alipoondoka alisahau kuchukua ripoti, akarudi kuichukua, akasahau kurudisha insha. Ndivyo yalivyoanza.

Baada ya wiki mbili barua ilifika idara ya lugha. Jopo la tathmini lilikuwa linaandaa kitabu cha wananchi. Wangechukua yale wanasayansi wa dunia waliyokubaliana, wakaongeza vipimo vya mto na mvua vya mkoa mzima, kisha wakaandika kwa Kiswahili ambacho mtu wa kawaida ataelewa bila kumwita mtoto wake aliyesoma. Walihitaji mfasiri, na mhariri mkuu, Daktari Mawingu, alikuwa ametaja jina moja tu.

Kazi ilifanyika katika chumba cha mikutano chenye dirisha moja lisilofunguka. Ukutani palibandikwa jedwali la maneno. Kila neno lilikuwa na asilimia yake: *karibu hakika*, tisini na tisa; *yamkini sana*, tisini; *huenda*, zaidi ya theluthi mbili; *labda*, nusu kwa nusu. Mtaalamu hakuruhusiwa kusema anavyojisikia. Lazima achague neno kwenye ukuta.

Bi Nukta alipigania lile jedwali miezi miwili. "Mtu wa sokoni hana ukuta huu. Ana masikio yake. Akisikia huenda, anasikia nusu, tena nusu ya chini."

"Tutamwekea maelezo mwanzoni."

"Nani anasoma mwanzo wa kitabu? Wewe mwenyewe husomi maelezo ya dawa."

"Umejuaje?"

"Jana umekunywa ya kikohozi mara nne, na chupa imesema mbili."

Profesa mwenyekiti aliwaacha wabishane, kwa kuwa alishaona ugomvi ule unakokwenda. Jioni walitoka pamoja hadi getini. Bi Nukta akifika kwake, simu ilikuwa inaita.

"Umefika, mpenzi?"

"Karibu hakika."

"Umenikumbuka?"

"Usinifanyie mtihani, Mawingu. Tumeachana dakika kumi."

"Swali langu lina jibu kwenye ukuta."

"Haya. Yamkini sana."

"Tisini tu? Hizo kumi kazichukua nani?"

Bi Nukta alikuwa mtu wa kucheka peke yake kwenye simu, akizunguka meza ya chumba chake huku uji unamwagikia jiko. Mama yake, fundi cherehani mstaafu aliyeishi Bondeni, mtaa wa chini kabisa karibu na mto, alishamwuliza mara tatu huyo Mawingu atanyesha lini.

"Mama jamani!"

"Mama jamani nini? Nina miaka sitini na minane. Nikisubiri msome mpaka mwisho nitamwona mkwe wangu kwenye picha."

Mwishowe Daktari Mawingu alikubali kushindwa. Jedwali lilibadilishwa. *Yamkini* ikachukua theluthi mbili, na *huenda* ikashushwa ikawa nusu kwa nusu, mahali pa *labda*. Maana yake kila "huenda" iliyokwisha kuandikwa ilitakiwa kuwa "yamkini", na kila "labda" iwe "huenda". Bi Nukta aliifanya kazi hiyo kwa kompyuta, kwa utaratibu, moja kwanza na nyingine baadaye ili zisichanganyike. Kurasa mia na kumi zilinyooka kwa dakika moja. Alijisifu chakula cha mchana kizima.

Visanduku tu ndivyo havikuguswa. Mchoraji wa chuo alikuwa ameviandaa kama picha, maneno yamo ndani ya rangi, na kompyuta haisomi maneno ya picha. Vilikuwa saba. Viliachwa vihakikiwe kwa mkono wakati wa pruf ya mwisho, nakala inayokaguliwa kabla ya kwenda mtamboni.

Siku ya pruf Bi Nukta aliketi peke yake ofisini. Chini ya kila ukurasa palikuwa na nafasi ya kuweka alama, saa na sahihi. Alikuwa amefika kurasa za katikati simu ilipoita.

"Uko wapi?"

"Nipo kazini, wewe. Niache, kitabu chako kinakwenda mtamboni leo."

"Nina swali moja tu. Nimelifanyia mazoezi tangu asubuhi, nisipolisema sasa litaniharibikia."

"Sema."

"Nikimwendea mama yako na kaka yako nikawaambia nataka kukuoa, utasimama upande wangu, au utaniacha nijieleze peke yangu?"

Mkono wa kulia wa Bi Nukta ulikuwa bado unatembea kwenye karatasi, kama mkono wa mtu anayefagia huku anaongea.

"Mawingu, wewe una wazimu. Hilo ni swali la kwenye simu?"

"Nipo kwenye korido. Nimeogopa kuingia."

Alicheka, machozi yakamtoka. "Subiri kitabu kitoke. Nikupe jibu kamili, lisilo na asilimia."

"Nasubiri, laazizi."

Kitabu kilitoka mwezi uliofuata, kizuri, jalada la bluu. Kilipelekwa kwenye ofisi za mitaa na shuleni, na Bi Nukta alimpelekea mama yake nakala kwa mkono wake. Alimkuta uani, amevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine.

"Mama, mto huu unanitia wasiwasi. Bora uhamie kwa kaka kabla ya masika."

"Wewe umeanza. Kila mwaka mto, mto."

"Basi usinisikilize mimi. Soma kitabu. Nimekiandika kwa ajili yenu. Kinasema vizuri kuliko mimi."

Alisema hivyo kwa majivuno, na hakuna sentensi aliyokuja kuijutia maishani kama hiyo. Jioni ile alisafiri kwenda semina ya wafasiri ya wiki sita, na mvua zilianza akiwa huko.

Maji yaliingia Bondeni alfajiri ya Jumanne. Mto ulivunja kingo juu ya daraja, ukashuka kwenye vichochoro ukiwa na magogo na mabati. Watu kumi na wanane walikufa. Mama yake alikutwa mchana chumbani, mlango umezibwa na cherehani.

Msiba uliwekwa kwa kaka yake, dereva wa lori, mtu mpana wa mabega, asiyesema mengi. Bi Nukta alifika amevaa nguo nyeusi za kuazima, macho makavu. Daktari Mawingu alikuja siku ya kwanza, akasaidia kubeba viti, akakaa na wanaume. Siku ya pili kaka mtu alitoka chumbani na kitabu cha bluu mkononi, kimevimba kwa maji.

"Wewe ndiye mkubwa wa hiki kitabu?"

"Ndiyo, kaka. Mimi ndiye mhariri."

"Nilikwenda na lori kumhamisha mama. Nilipaki mlangoni. Akanisomea hapa." Alifungua ukurasa wa arobaini na moja, kisanduku chenye ramani ya Bondeni, akasoma neno moja moja kama mtu aliyeacha shule mapema. "'Huenda mto ukavunja kingo na kuingia Bondeni katika misimu mitatu ijayo.' Akaniambia, dada yako mwenyewe kaandika huenda. Hata mimi huenda nikaolewa tena, nianze kushona gauni? Akacheka. Nikacheka. Nikaondoka na lori tupu."

"Dada aliniambia huenda yenu ni nusu. Hatari ya mto mlijua ni nusu kweli?"

Daktari Mawingu alikitazama kile kisanduku. Alijua vipimo vya mto ule kuliko alivyojua siku yake ya kuzaliwa, na havikuwa nusu. "Hapana," alisema. "Ni zaidi."

Kaka mtu akampiga ngumi ya uso. Moja tu. Watu wakamshika. Daktari Mawingu aliokota miwani yake, akainamisha kichwa, akatoka. Bi Nukta aliyaona yote akiwa mlangoni, na hakumfuata.

Siku tatu baada ya mazishi alimfuata Daktari Mawingu ofisini. Shavu lake lilikuwa bado limevimba.

"Niambie si wewe."

Alimsogezea kiti.

"Tulikubaliana yamkini. Mimi na wewe, kwenye ule ukuta. Niambie profesa alikulazimisha. Niambie wakubwa hawakutaka watu waogope. Niambie chochote, Mawingu, nitakuamini."

"Kitabu kilitoka mikononi mwangu."

"Sikuulizi kilitoka wapi. Nakuuliza kwa nini neno limelegea."

"Sina jibu litakalokufaa."

"Uliogopa?"

Alitazama dirishani. "Ndiyo," alisema. "Niliogopa."

Basi, maji yakimwagika hayazoleki. Bi Nukta aliondoka bila kufunga mlango. Chuo kiliunda kamati ya uchunguzi, na Daktari Mawingu akaiandikia mistari miwili: kosa ni lake, hana wa kumtaja. Akavuliwa uhariri mkuu na kuondolewa kwenye jopo. Wenzake walimpita kwenye ngazi kama wanapita ndoo. Bi Nukta aliendelea kufundisha, akarudi kula kidogo, akalala kidogo, na kila aliyemuuliza alimweleza habari ile ile: mwanamume aliyemwamini alilegeza neno, na neno likamuua mama yake. Alikisema kisa hicho mara nyingi mpaka kikawa kinajisema chenyewe. Chuki ilimweka wima. Alikuwa akiamka nayo asubuhi kabla hajakumbuka jina la siku.

Miezi saba ilipita. Profesa akamwita. Jopo linataka toleo la pili, lililosahihishwa, na hakuna mwingine wa kulitafsiri. Alikubali kwa ajili ya ukurasa mmoja.

Kumbukumbu za toleo la kwanza zilikuwa kwa katibu wa idara, mama mnene mwenye kalamu tatu nyweleni, aliyeitwa Mama Faili. Bi Nukta aliomba pruf zote, akazihesabu mezani palepale.

"Ya arobaini na moja haipo."

Mama Faili alianza kupanga klipu zilizokwisha kupangika.

"Mama Faili."

"Alikuja kuichukua mwenyewe. Daktari. Siku ya tatu ya msiba wenu. Akaniambia niichane, nikaichana mbele yake."

"Kwa nini aichane? Si ndiyo ushahidi wake?"

"Mwanangu, usiniulize mimi. Mimi nina ugonjwa wangu mmoja tu. Hakuna karatasi inayotoka mlango huu sijaipiga picha." Aliinuka, akafunga mlango, akarudi kwenye kompyuta. "Nimekaa nayo miezi saba na kila nikikuona unamsema, nageuza njia. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi sitaki kuumbuka. Chukua."

Mashine ikatoa ukurasa mmoja. Ramani ya Bondeni, mto wa bluu, sentensi ndani ya kisanduku: *Huenda mto ukavunja kingo.* Neno la zamani, la jedwali la zamani, ambalo kompyuta haikuliona kwa sababu lilikuwa ndani ya picha. Chini yake, kwa wino wa kijani, palikuwa na tiki kubwa ya mtu mwenye furaha. Saa tisa na dakika kumi. Sahihi yake Bi Nukta.

Alikumbuka simu. Alikumbuka mkono wake ukitembea.

Hakupiga kelele. Aliikunja karatasi mara nne, akamshukuru Mama Faili kwa adabu kamili, akashuka ngazi akiwa ameshika ukuta.

Daktari Mawingu alikuwa katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya chuo, karibu na stendi, anafunga mizigo. Alikuwa ameomba kazi katika kituo cha kupimia mvua mlimani, mwendo wa siku nzima, mahali ambapo mtu huongea na vyombo tu. Basi lake lilikuwa la saa kumi. Alipomwona mlangoni, kamba ilimtoka mkononi.

Bi Nukta aliweka karatasi juu ya boksi na kuinyoosha kwa kiganja. "Ulijua tangu lini?"

Alikaa chini taratibu. "Nilikwenda kutafuta la kumjibu kaka yako. Nikaikuta."

"Ukaona saa?"

"Niliona. Ni saa niliyokupigia. Kwa hiyo sikuidanganya kamati. Mimi ndiye niliyekukatiza."

"Usinifanyie hesabu! Tiki ni yangu, sahihi ni yangu." Sauti ilimpasuka. "Nilikuuliza, ulilegeza neno kwa sababu uliogopa? Ukaniambia ndiyo."

"Niliogopa kweli. Niliogopa wewe ujue. Mtu anaweza kuishi akimchukia mwingine, nilikuona unaishi. Kujichukia mwenyewe... nilimwona mama yangu baada ya kufa mdogo wangu. Hakumaliza mwaka."

"Nani alikupa ruhusa ya kunichagulia wa kumchukia?"

Daktari Mawingu aliokota kamba, akaanza kuizungusha kidoleni.

"Miezi saba nimekutukana kwa kila mtu. Nimelitukana jina lako juu ya kaburi la mama. Umenifanya mwongo mbele yake, Mawingu. Na wewe unafunga mizigo yako kimyakimya, kama mtu mwema!"

"Si wema," alisema kwa sauti ndogo. "Nilikupenda, sikujua la kufanya."

Bi Nukta alikaa juu ya boksi la vitabu. Gauni lake lilikuwa jeusi bado. Hakuwa amevaa rangi tangu msiba. Feni ilikuwa inazunguka juu ya chumba kitupu.

"Wewe ni mtu wa vipimo," alisema mwishowe. "Kama tungeandika yamkini, mama angehama?"

"Usiniulize hivyo."

"Nakuuliza. Wala usinipe ya kunituliza."

"Sijui."

"Nipe kipimo. Nusu? Theluthi mbili? Nipe chochote cha kwenye ule ukuta, nikishike."

Daktari Mawingu alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Hakuna kipimo. Ili kupima unahitaji mambo mengi yanayofanana, na mama yako alikuwa mmoja tu."

Hapo ndipo Bi Nukta alipolia, kilio ambacho msibani watu walikisubiri hakikuja. Alilia ameinama mpaka kilemba kikaanguka. Daktari Mawingu alisogea karibu, akaogopa kumgusa, kisha akamgusa bega.

Alipoweza kusema, alitoa simu mfukoni.

"Unampigia nani?"

"Kaka."

"Usifanye hivyo. Tafadhali. Ana wewe tu sasa."

"Alikupiga ngumi yangu," alisema. Akabonyeza.

Simu iliita mara nne. "Dada? Kuna nini?"

"Kaka, uko barabarani?"

"Nimepaki, napumzika. Sauti yako imekuwaje?"

"Lile neno la mama ni langu. La ukurasa ule. Yeye hakulilegeza. Mimi nilipewa ukurasa niuhakiki, nikaupitisha bila kuusoma. Nina karatasi hapa, ina sahihi yangu."

Upande wa pili palikuwa na sauti ya redio, kisha redio ikazimwa.

"Rudia."

Akarudia, polepole, kila sentensi na nukta yake.

"Na yeye alijua?"

"Alijua. Tangu siku ya tatu."

"Kamati ikamwondoa, na alijua?"

"Ndiyo, kaka."

"Na siku ile niliyompiga?"

"Siku ile alikuwa hajajua. Lakini alipojua hakuja kukudai."

Bi Nukta alisikia kaka yake anapumua. Alimsikia akianza kusema neno, akaliacha, akaanza jingine.

"Yuko wapi?"

"Nipo kwake. Anasafiri leo, basi la saa kumi."

"Mwambie asiondoke kabla sijafika. Na wewe usiondoke." Simu ikakatika.

Daktari Mawingu alikuwa amesimama. "Amesemaje?"

"Anakuja. Amesema tusiondoke."

"Anakuja kufanya nini?"

"Hakusema."

Alitazama mizigo yake, kisha saa ya mkononi. Kwa lori, kaka mtu alikuwa na mwendo wa saa mbili. Basi lilikuwa limebakiza dakika ishirini.

"Kama unataka kwenda, nenda," Bi Nukta alimwambia. "Nitamngoja mwenyewe. Kosa ni langu."

"Nimeshakuacha peke yako na msiba mara moja."

"Na lile swali lako la siku ile, sijalijibu."

"Usilijibu leo."

"Silijibu leo. Sina sauti ya kulijibu."

Daktari Mawingu alisogeza boksi jingine, akaketi kando yake. Basi la saa kumi lilipiga honi stendi, ng'ambo ya ukuta, mara ya kwanza, mara ya pili, kisha wakausikia mngurumo wake ukipanda barabara na kupotea. Bi Nukta aliushika mkono wake. Wakakaa hivyo, wote wawili wakiutazama mlango.